Daktari wa Ng'ombe Hufunzwa Wapi?

Ndugu Mhariri aliponiandikia akitaka makala ya historia kwa toleo hili la mkutano wetu, nadhani alitaraji niandike juu ya mabweni, juu ya timu yetu ya mpira, au juu ya walimu waliotulea. Hayo wataandika wengine, tena wenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Mimi nimeomba ruhusa niandike historia ya kazi yangu, kwa sababu kazi hiyo niliianza hapa hapa shuleni, kwenye zizi lililokuwa nyuma ya jiko.

Sisi tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1994 tunalikumbuka zizi lile. Walikuwamo ng'ombe 6, na kila bweni lilikuwa na zamu ya kukata majani na kuzoa samadi. Aliyechelewa gwaride la asubuhi alipelekwa huko kwa adhabu. Wanafunzi wa sasa wanaliona jengo lile kama ghala la madawati mabovu, na si kosa lao. Leo naweza kukiri jambo ambalo wakati ule ningechekwa: mara mbili tatu nilichelewa gwaride kwa makusudi.

Basi nikasoma, nikafaulu, nikaenda chuo kikuu kusomea utabibu wa mifugo. Mwaka 2006 nikahitimu baada ya miaka 5, na mapema mwaka 2007 nikaajiriwa katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini. Wenye kufuatilia mambo wanakumbuka kwamba miezi ile ndiyo ilikuwa ya homa ya Bonde la Ufa, iliyoanzia Kenya mwishoni mwa 2006 na kuingia kwetu Januari 2007. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzunguka vijijini, kuhesabu mifugo, kukagua machinjio na kuwaeleza watu kwa nini wasile nyama ya mnyama aliyekufa. Kazi hiyo niliifanya vizuri, nasema bila kujisifu, maana nilikuwa nimefundishwa kuifanya. Miezi 6 ilipita sijamtibu ng'ombe mmoja aliyelala chini anaumwa.

Usiku mmoja wa mwezi wa Agosti kijana aligonga mlango wangu. Mama mmoja mjane wa kijiji cha jirani alikuwa na mtamba wa maziwa aliyempata kwa ule mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mtamba huyo alikuwa anazaa tangu mchana na ndama hatoki. Nilichukua mkoba wangu, nikapanda pikipiki.

Nilikuta miguu miwili ya mbele ya ndama imetokeza, lakini pua haionekani. Maana yake niliijua: kichwa kimegeukia nyuma, kimelala ubavuni. Swali hilo hilo niliulizwa katika mtihani na nikapata alama zote. Ila mkono wangu ulipoingia ndani haukutambua kitu chochote. Kule ndani ni giza, ni joto, mfuko wa uzazi unakubana hadi vidole vinakufa ganzi, na kila kitu unachoshika kinateleza. Nilitafuta kichwa, nikapata kitu ambacho hadi leo sijui kilikuwa nini. Saa zikaenda. Majirani wakasogea na taa za chemli. Nikaona haya. Nikafunga kamba kwenye miguu ile, nikawaambia vijana 4 wavute.

Ndama alitoka amekufa, na mama yake akachanika ndani. Kabla ya saa ya kukamua asubuhi, mtamba naye alikuwa amekufa.

Yule mama hakunilaumu. Aliniambia, "Basi, mwanangu, nenda kalale. Umehangaika." Maneno hayo yalinikaa kuliko matusi. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yangelipa ada ya binti yake wa Kidato cha Pili.

Asubuhi alikuja mzee mmoja aliyekuwa msaidizi wa mifugo kwa muda mrefu na sasa amestaafu, maana habari kijijini haikawii. Nilimwamkia, akaitika, akautazama mzoga. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Daktari, ulivuta kabla ya kusukuma." Akavua koti lake, akaingiza mkono ndani ya mkono wa koti na kukunja ngumi. "Hapa penye wembamba," akaniambia, "ukitaka kuigeuza ngumi hii itakwama. Irudishe kwanza huku begani, kwenye upana. Ikishafika upana, igeuze. Ikishageuka, ndipo uvute." Lilikuwa somo la dakika 2. Katika miaka 5 ya chuo nilikuwa nimeshuhudia uzazi wa shida mara 3, na mara zote nilikuwa nyuma ya wenzangu zaidi ya 10, nikichungulia juu ya mabega yao.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali lililo kichwani mwa makala hii. Inakuwaje mtu apewe shahada ya kutibu ng'ombe kabla mkono wake haujajua ng'ombe? Jibu nimelikuta katika historia, na si historia fupi.

Chuo cha kwanza cha utabibu wa mifugo katika Ulaya kilianzishwa mjini Lyon, Ufaransa, kwa idhini ya mwaka 1761, na mwanzilishi wake, Claude Bourgelat, hakuwa tabibu bali mkuu wa chuo cha wapanda farasi. Serikali ya Ufaransa ilitoa fedha kwa sababu mbili. Jeshi lilihitaji farasi wazima, na sotoka ilikuwa inateketeza ng'ombe wa Ulaya. Cha pili kilifunguliwa Alfort, karibu na Paris, miaka michache baadaye, na London ikapata chake mwaka 1791. Tangu mwanzo, basi, daktari wa mifugo aliitwa na dola kuzuia tauni na kuokoa farasi wa askari. Ng'ombe mmoja wa mjane mmoja hakuwa hesabuni.

Kwetu ilikuwa vivyo hivyo, tena zaidi. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia mwaka 1891 ilikuwa imepita nchi yote ya wafugaji ya Afrika Mashariki. Ng'ombe walikufa kwa namna ambayo wazee hawakuwa wameiona. Wamasai waliuita wakati ule Emutai, yaani maangamizi. Msafiri wa Kiaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, alikuta watu waliobaki mifupa wakiombaomba chakula. Ugonjwa ukaendelea kusini, ukavuka Mto Zambezi mwaka 1896, ukafika Afrika Kusini.

Wakoloni walipojenga maabara za mifugo katika nchi zetu, Wajerumani huko Mpwapwa na Waingereza huko Kabete, walikuwa na hofu hiyo moyoni. Nao waliofanya kazi humo walikuwa mabingwa, lazima tuseme ukweli. Huko Kabete, Montgomery alieleza homa ya nguruwe ya Afrika katika andiko la mwaka 1921, na Daubney na wenzake wakaeleza homa ya Bonde la Ufa mwaka 1931, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha. Ndiyo homa ile ile niliyoanza nayo kazi miaka 76 baadaye. Kabete ilitengeneza pia chanjo ya sotoka kwa kumpitisha mdudu wa ugonjwa katika mbuzi hadi akapungua ukali.

Kilele kilikuwa Muguga, maili chache kutoka Nairobi, mahali palipokuwa na kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki nzima. Hapo, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, Mwingereza Walter Plowright na mwenzake Ferris walikuza kirusi cha sotoka katika chembe hai za figo ya ndama, wakakihamisha kutoka chupa hadi chupa mara nyingi mno, mpaka kikasahau ukali wake bila kusahau kuukinga mwili. Chanjo hiyo ilikuwa rahisi kutengeneza, na sindano moja ilitosha kumkinga ng'ombe maisha yake yote. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kundi la mwisho linalojulikana kuwa na sotoka lilikuwa la nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia ya wanadamu kufutwa kabisa, baada ya ndui.

Sitaki msomaji adhani nawabeza. Kama si wao, pengine nisingekuta ng'ombe wa kumwua usiku ule. Lakini mfano huo uliweka mtindo. Daktari wa mifugo wa Afrika Mashariki alifundwa kuwa daktari wa kundi: chanjo, josho, karantini, ripoti. Ng'ombe mmoja mmoja aliachiwa msaidizi.

Hebu sasa tutazame wenzetu walivyolijibu swali hili. Katika miaka ya 1870 daktari kijana wa binadamu, William Osler, alikuwa akifundisha Montreal, Kanada, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo wa chuo cha mifugo cha mji huo. Baadaye alihamia Baltimore, Marekani, katika hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa mwaka 1889. Hapo, yeye na mpasuaji William Halsted waliweka utaratibu ambao leo umeenea duniani. Daktari mwenye shahada tayari anakaa hospitalini kwa miaka, halali kwake, anatibu wagonjwa halisi chini ya jicho la mkubwa wake, na kila mwaka anaongezewa madaraka kidogo kidogo.

Madaktari wa mifugo walikawia kuuiga utaratibu huo. Chama cha mabingwa wa upasuaji wa wanyama cha Marekani kilianzishwa mwaka 1965, cha magonjwa ya ndani mwaka 1972, na wapasuaji wa Ulaya wakapata chao mwaka 1991. Huko mhitimu anayetaka kuwa bingwa wa wanyama wakubwa, yaani farasi, ng'ombe na jamii yao, hufanya kwanza mwaka mmoja wa mazoezi ya jumla, kisha kama miaka 3 ya ubingwa. Huandika daftari la kila mgonjwa aliyemshughulikia, naye mkubwa wake hutia sahihi. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwa mfano, kina hospitali yake ya wanyama wakubwa mashambani, mahali paitwapo New Bolton, na zamu za usiku hapo ni za hao hao wanaojifunza. Mtihani wa mwisho huja baada ya mikono kuzoea.

Hapa kwetu kuna sura ya historia ambayo haijaandikwa sana, nayo ndiyo iliyonifanya niombe kurasa hizi.

Mafunzo ya juu ya mifugo yalianzia Makerere kwa stashahada. Mwaka 1962 yakahamishiwa Kabete, na vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda wakasoma pamoja kwa shahada ya kwanza ya utabibu wa mifugo. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa mwaka 1970, kila nchi ikashika njia yake. Makerere ikaanzisha kitivo chake upya. Sisi tuliendelea kupeleka vijana Nairobi na ng'ambo hadi mwaka 1976, mafunzo yalipoanza Morogoro, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Jumuiya ilikufa na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, kwa hiyo tunaweza kusema tuliponea chupuchupu. Mwaka 1984 Morogoro ikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine aliyefariki mwaka huo kwa ajali ya gari, karibu na Morogoro yenyewe. Marehemu alikuwa mwana wa wafugaji wa Monduli.

Je, baada ya shahada ya kwanza? Waliobahatika walipelekwa nje. Wengi wa wakubwa wetu walikwenda Edinburgh, Uskoti, palipokuwa na kituo cha utabibu wa mifugo wa nchi za joto. Walirudi na maarifa makubwa ya vimelea na ya tauni. Wazo la kwenda kusomea ndigana kali katika nchi ya baridi isiyo na ndigana kali laweza kumchekesha mtu, lakini vitabu, darubini na walimu walikuwa huko, na aliyetaka kisomo alifuata.

Ila mafunzo ya mkono yalifanyika mahali pengine kabisa, bila cheti wala sherehe. Yalifanyika katika ofisi ya mifugo ya wilaya. Katika miaka ya 1960, 1970 na sehemu kubwa ya 1980, mhitimu aliajiriwa na Serikali mara moja. Alipangiwa wilaya, na huko alimkuta daktari mkubwa aliyetangulia, pamoja na wasaidizi wenye miaka 20 kazini. Kulikuwa na gari la Serikali, kulikuwa na dawa, na huduma ilikuwa ya bure au karibu na bure, kwa hiyo wagonjwa hawakukosekana. Mwaka wa kwanza kijana alishika taa na kuosha vyombo. Wa pili akashika mkasi, mkubwa akiwa amesimama pembeni. Mtazame Osler wa Baltimore, kisha tazama ofisi ile yenye bati lililotoboka. Utaratibu ni ule ule, isipokuwa wetu haukuwa na jina.

Kwa kuwa haukuwa na jina, ulipokufa hakuna aliyeutangazia msiba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 nchi zetu zilibanwa kupunguza matumizi. Ajira za moja kwa moja zikakoma, tiba ya mifugo ikaachiwa watu binafsi, magari yakasimama juu ya mawe. Waliostaafu hawakujazwa nafasi zao. Mhitimu wa wakati wetu aliyepata kazi, kama mimi, alifika akakuta kiti cha mkubwa ni kitupu. Akakalia yeye. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ilileta utaratibu mzuri wa kusajiliwa na kuwajibika, na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini cheti cha usajili kinasema kwamba umesoma, hakisemi nani alisimama pembeni yako ulipomchana ng'ombe wa kwanza.

Hii ndiyo sababu ninasema kuwa shahada ya uzamili ya tiba, ile ya kukaa na wagonjwa, si anasa ya wasomi. Inalipia deni lililoachwa na ofisi zile.

Mimi nilirudi darasani mwaka 2010. Nilikuwa na mke, mtoto mmoja na mshahara mdogo, na ndugu zangu waliniuliza kama nimerogwa. Profesa aliyetusimamia alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye mikono mirefu isiyolingana na kimo chake. Wiki ya kwanza hakufundisha kitu. Alitupeleka machinjio kila alfajiri, tukapapasa matumbo ya ng'ombe waliochinjwa, macho yakiwa yamefungwa kitambaa, tukitaja tulichoshika. Aliyekosea alirudia kesho.

Kisha wakaja wagonjwa. Nilijifunza kumwekea ng'ombe ganzi kwenye mishipa ya fahamu itokayo uti wa mgongo, ili nimpasue ubavu wa kushoto akiwa amesimama, anacheua, anakutazama kama anayekushangaa. Nilijifunza kugonga mbavu kwa kidole huku nikisikiliza kwa kipimo cha moyo: tumbo la nne likihama mahali pake na kujaa hewa, hutoa mlio kama wa debe tupu. Ukishausikia mara moja hutausahau. Nilijifunza kufinya mgongo wa ng'ombe anayedhaniwa amemeza msumari. Mzima hubonyea, mwenye msumari uliotoboa tumbo la pili kuelekea moyoni hukaza mgongo na kuguna. Katika miji yetu wagonjwa wa namna hiyo ni wengi, kwa sababu ya mabati na nyaya za ujenzi. Na matumbo ya kwanza tuliyoyapasua miaka ile, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka 2019, yalitoa mifuko ya kujaza ndoo nzima.

Siku moja tuliitwa kwa ng'ombe aliyezaa jana yake, sasa amelala, masikio ya baridi, shingo imepinda kuelekea ubavuni. Mwenye ng'ombe alikuwa ameshaita mchinjaji, na mchinjaji alikuwa amekaa kwenye gogo, kisu mkononi. Hiyo ni homa ya maziwa: chokaa ya damu yote imekimbilia kiweleni. Dawa yake ni maji ya kalsiamu kwenye mshipa wa shingo. Profesa alinipa chupa, akaniwekea sikioni kipimo cha moyo, akasema, "Ukiiharakisha chupa utamwua. Moyo ukigugumia, punguza." Dakika 15 nilisikiliza moyo ule. Ng'ombe alitetemeka, akacheua, akatia kinyesi, akasimama. Mchinjaji aliondoka bila kuaga.

Kichwa kilichogeuka nilikipata tena mwaka 2011. Nikaweka ganzi penye shina la mkia ili ng'ombe aache kujikamua, nikamimina maji ya sabuni mengi, nikaweka kiganja kwenye kifua cha ndama na kumsukuma arudi kwenye upana. Nikaifunika pua yake kwa kiganja nisije nikachana mfuko kwa meno yake, nikaizungusha. Ndipo tukavuta, watu wawili tu, taratibu. Profesa alikuwa amesimama pembeni mikono nyuma, hakusema neno. Alipoondoka nilikaa chini kwenye samadi nikalia, si kwa furaha tu.

Nilipomaliza masomo nilirudi kumtafuta yule mama. Nilimkuta anafuga kuku. Aliponiona alinikaribisha chai, akanieleza kwamba binti yake alikaa nyumbani mwaka mzima kabla ya kurudi shule. Nilimwambia nikihitajika niitwe. Akacheka, akasema kuku hawazai kwa shida.

Nina malalamiko mawili, na kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali nitayasema kwa heshima. Kwanza, wengi wanaosoma uzamili katika fani hii hivi leo huishia maabara, kwa sababu wafadhili hulipia vipimo na takwimu. Daftari la wagonjwa 200 halina mfadhili. Pili, aliyesoma tiba akirudi kazini hupandishwa cheo, na cheo maana yake ni meza. Hili la pili linanihusu mwenyewe. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na mimi wiki iliyopita nilisaini barua 41 bila kumgusa hata mmoja.

Najua jibu la upande wa pili. Nimelisikia vikaoni: mfugaji wetu hana fedha za kumlipia bingwa, na hospitali ya ng'ombe kama ya Pennsylvania itabaki tupu. Kuhusu hospitali nakubali. Ng'ombe mgonjwa hapandi daladala. Lakini bingwa si lazima awe na jengo. Awe na gari moja, mkoba, na vijana wawili nyuma wanaojifunza, kama ilivyokuwa ofisi ya wilaya ya zamani. Na kuhusu mfugaji kutokuwa na fedha, mwenye ng'ombe 400 anaweza kufiwa na mmoja akalala usingizi. Mwenye mmoja hawezi.

Kwa sasa mimi hufanya kidogo ninachoweza siku za Jumamosi. Nimetengeneza pipa. Ni pipa la kawaida la mafuta, limelazwa juu ya fremu ya mbao, mdomo wake umefunikwa na mpira wa ndani wa tairi la trekta uliotobolewa kwa upana wa kutosha mkono. Ndani huwekwa ndama aliyekufa tumboni, tunayepewa na machinjio, na vijana wa mazoezi hupanga zamu. Mmoja humweka ndama vibaya, mwingine humtengeneza kwa kupapasa. Yule mzee msaidizi, ambaye sasa ana miaka 80 na kitu, huja mara moja moja kukaa kwenye kiti na kuwakosoa. Anasema pipa ni pana mno.

Siku ya mkutano wetu nitalileta pipa hilo shuleni, na Mkuu wa Shule amekwisha niruhusu kuliweka penye zizi la zamani. Kwa kuwa kutakuwa na wageni na chakula, ndama atakuwa wa turubai lililojazwa mchanga na pamba. Vijana wa CBA na PCB waje na mashati ya mikono mifupi. Sabuni nitaleta mimi.